Mtego wa Volti
Wenzangu, sumaku ikidondoshwa ndani ya koili, volti huzuka, hugeuka na kutoweka kufumba na kufumbua. Tutazinasa vipi? Mimi huiagiza programu ingoje kiwango fulani, tuseme volti 0.1, ndipo ihifadhi vipimo. Je, mwanzo wa mchoro si utapotea, tushindwe kulinganisha kilele cha kwanza na cha pili? La! Kompyuta hupima mfululizo na kuweka akiba ya vipimo vya nyuma. Kwa vipimo 1,000 kila sekunde, nikiagiza 100 vya kabla, napata sekunde 0.1 iliyotangulia. Sasa, kiwango kikiwa chini mno, vurugu ndogo za nyaya huidanganya ianze mapema. Kikizidi kilele, itangoja mpaka kengele ya chamcha ilie. Basi tega mapema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.