Namna ya Kujadili Hisabati katika Kikundi

Watahiniwa wengi wa kidato cha nne huunda vikundi vya kujisomea, lakini si kila kikundi hujadili. Mara nyingi kipanga mmoja hushika chaki na kukokotoa swali hadi mwisho, wengine wakinakili. Daftari hujaa, lakini katika chumba cha mtihani kila mtu hubaki na kichwa chake. Majadiliano yenye faida ni yale ambayo kila mmoja hueleza kwa nini amefanya hatua aliyoifanya.

Kwa mfano, mkulima wa Busi, wilayani Kondoa, ana gunia la alizeti la sh. 50,000. Bei inapanda kwa asilimia 20, kisha inashuka kwa asilimia 20. Bei ya mwisho ni ipi?

Mwanafunzi wa kwanza anajibu sh. 50,000, kwa kuwa iliyopanda ndiyo iliyoshuka. Wa pili anajibu sh. 48,000. Msipige kura, wala msimfuate mwenye sauti kubwa. Ulizeni: "Asilimia 20 ya nini?" Kupanda ni asilimia 20 ya 50,000, yaani 10,000, bei inakuwa 60,000. Kushuka ni asilimia 20 ya 60,000, yaani 12,000. Bei ya mwisho ni sh. 48,000. Kosa la wa kwanza limewafundisha wote kutafuta kwanza kiasi ambacho asilimia inatokana nacho.

Fuateni hatua hizi:

1. Kila mmoja ajaribu swali peke yake kwa dakika 5.
2. Asiye na uhakika aanze kueleza. Kipanga azungumze mwisho.
3. Anayepinga ataje hatua anayoipinga na sababu yake.
4. Elezaneni kwa Kiswahili, hata kwa Kirangi, mpaka mwelewe. Kisha andikeni kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani wa Hisabati wa NECTA.
5. Mwishoni, kila mmoja afunge daftari na kufanya swali lingine la aina hiyo bila msaada.

Zingatia: anayeuliza asichekwe. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye jokofu ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakunyamaza. Mwaka 1969 alichapisha makala pamoja na mwanafizikia Denis Osborne, na jambo hilo linajulikana duniani kwa jina lake. Swali linalochekwa leo huenda ndilo ambalo kikundi kizima hakijalielewa.

Zoezi la kujadili: Bei ya gunia lile ingeshuka kwanza kwa asilimia 20, kisha ikapanda kwa asilimia 20, je, jibu lingebadilika? Toeni sababu.