Jibu la Kipimo Lifuatwe na Huduma
Selimundu ni maradhi ya kurithi. Mtoto huyapata pale baba na mama, wote wawili, wanapomrithisha kasoro hiyo, ijapokuwa wenyewe ni wazima. Kwa wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 katika 4 wa kuzaliwa mtoto mgonjwa. Haya si mambo ya shetani, wala si haki kumlaumu mama peke yake.

Kipimo cha damu huyagundua mapema, lakini cheti hakitibu. Mtoto huyo anahitaji penisilini kila siku hadi atimize miaka 5, chanjo za kumkinga na vichomi, na kliniki ya mara kwa mara. Mzazi wa Micheweni au Makunduchi akipewa jibu bila ya kuelekezwa pa kwenda, amebebeshwa huzuni tu.

Kwa hiyo tunawataka wahusika wahakikishe kila jibu linafuatana na tarehe ya kliniki, dawa iliyo karibu, na barua kwa mwalimu, ili mtoto aruhusiwe kunywa maji kila anapohitaji na asiadhibiwe kwa siku alizougua.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi na anayeyafichua apate pa kukimbilia.