Vidole Havionekani Redioni

Soko la Kebirigo, katika Kaunti ya Nyamira, limezungukwa na chai. Wachumaji huingia shambani alfajiri, na majani hupelekwa katika kiwanda chenye jina la mji wenyewe. Muziki wa hapo hauna haya. Matatu hupita zikitoa benga ya Ekegusii kwa sauti ya kutikisa vioo, Egesa FM huendeleza kazi hiyo majumbani, na marehemu Christopher Monyoncho na bendi yake ya Riakimai hawahitaji kutambulishwa kwa mtu aliyekulia Gusii. Gitaa, basi, linajulikana sana. Linajulikana kwa masikio.

Kumwona mpigaji akilicharaza ni habari nyingine, na hapo ndipo DVD za gitaa zilipojipatia soko duniani. Zipo za maonyesho ya jukwaani, zipo zinazosimulia maisha ya wanamuziki, na zipo za mafunzo, ambazo mwalimu huketi na gitaa huku kamera ikimkaribia mpaka kucha zinaonekana. Mpenzi wa gitaa hutaka zote tatu kwa sababu moja: anataka kujua mkono ulikuwa wapi sauti ile ilipotoka.

Historia ya gitaa katika Afrika Mashariki na Kongo inaonyesha vizuri jinsi masikio pekee yanavyoweza kupotezwa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka bara hili na mitambo yake ya kurekodi, alikutana katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, na kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake wa "Masanga" ulitolewa kwa santuri na kusambaa. Ukiusikia bila kuambiwa, utaapa kuna watu wawili: mmoja anashika besi, mwingine anapamba juu. Ni mtu mmoja na gitaa kavu moja. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinajibu kwenye nyembamba, na vidole hivyo viwili havigongani hata mara moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alikuja Nairobi, na hata kulitangaza jina la dawa ya Aspro kwa nyimbo zake. Waliobahatika kumwona walipata somo ambalo santuri haikuweza kuwapa. Upande wa Magharibi mwa Kenya, George Mukabi wa Kisa alikuwa akiujenga mtindo wa omutibo, gitaa la vidole linalosindikizwa na chupa ya Fanta yenye mikunjo, ikikwanguliwa kwa chuma. Mukabi aliuawa mwaka 1963. Waliotaka kuupata mkono wake baada ya hapo walilazimika kuutafuta kwa waliokuwa wameketi karibu naye, akiwemo mwanawe Johnston Mukabi aliyeuendeleza mtindo huo.

Kuketi karibu: hiyo ndiyo iliyokuwa shule. Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, jina la Katanga wakati huo, kuwatafuta wapiga gitaa Bosco, Edouard Masengo na Losta Abelo, na mwaka 1982 akachapisha kitabu juu ya safari hiyo. Ni nani kati ya vijana wa Nyamira angeweza kufunga safari kama ile ili aone vidole viwili?

Jibu lilikuja kwa njia ya filamu. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alibeba kamera pamoja na kinasa sauti kwa miaka mingi, na kazi yake ya kati ya mwaka 1966 na 1993 ilikusanywa katika video iitwayo "African Guitar", iliyotolewa na Vestapol, kampuni ya mpiga gitaa wa Marekani Stefan Grossman. Bosco yumo. Wamo pia wapigaji kutoka Uganda, Malawi, Zambia, Namibia na Jamhuri ya Afrika ya Kati, wengi wao watu ambao hawakuwahi kupanda jukwaa kubwa. Picha hazina mbwembwe. Zimepigwa uani, mtu na gitaa lake. Kwa mwanafunzi, dakika tano za picha hizo zina faida kuliko tamasha zima lenye moshi na taa za rangi.

Jirani tu na Kebirigo kuna kisa kinachoonyesha sauti isiyo na picha inavyoweza kuzaa mambo. Mwaka 1950 Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet. Wasichana wakamwimbia kiumbe waliyemwita Chemirocha, ambaye kwa maelezo ya Tracey alikuwa nusu mtu, nusu mnyama. Huyo Chemirocha hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini humo na gramafoni. Sauti ilikuwa imewafikia, mwenyewe hawakumwona, basi wakamuumba kivyao. Na ajabu ni kwamba picha zake zilikuwepo: mwaka 1929 Rodgers alipigwa filamu fupi, "The Singing Brakeman", akiimba na gitaa mkononi. Mwaka 2015 rekodi za Kapkatet zilirudishwa kwa wenyewe, na baadhi ya waliorekodiwa ujanani walikuwa bado hai kuzipokea.

Gitaa la umeme lina mahitaji yake. Katika benga kuna solo, kuna rizimu, kuna besi, na mara nyingi gitaa la pili linalojibizana na solo. Wanaoeleza asili ya muziki huu husema wapigaji wa Kiluo walihamisha mapigo ya nyatiti, chombo cha nyuzi nane, na kuyatia kwenye gitaa. Wagusii nao wana obokano, yenye nyuzi nane vilevile, ila kubwa zaidi na yenye mngurumo mzito unaotoka chini kabisa. Haishangazi kwamba sikio la Mgusii huivumilia solo lakini hulewa besi.

Kazi inayofaa kutafutwa kwanza juu ya benga ni "Retracing the Benga Rhythm", iliyotolewa mwaka 2008 na Ketebul Music, studio iliyoanzishwa Nairobi na Tabu Osusa. Ilitoka ikiwa kifurushi: kitabu kidogo, CD ya nyimbo na DVD ya filamu. Ketebul ilifuatisha vifurushi vya namna hiyo juu ya muziki wa Kikuyu, fanki ya Kenya na nyimbo za upinzani. Muda ulikuwa ukienda mbio. D.O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, na kuwa nguzo ya benga upande wa Kenya, alikuwa amefariki katika ajali ya barabarani jijini Kisumu mwaka 2006, miaka miwili kabla ya DVD hiyo kutoka.

Ng'ambo wapo waliochelewa zaidi. Tamasha la Kinshasa la Septemba 1974, ambalo mpiga gitaa Franco na bendi yake ya TPOK Jazz walipiga pamoja na James Brown na B.B. King, lilipigwa filamu kwa mitambo mizuri. Picha zile zilikaa ghalani zaidi ya miaka 30 kabla ya kupata filamu yao wenyewe, "Soul Power", mwaka 2008. Mwaka huohuo ilitoka "It Might Get Loud", iliyowakutanisha wapiga gitaa Jimmy Page, The Edge na Jack White. White anaanza kwa kupigilia misumari kwenye ubao, anafunga waya mmoja, anasukumiza chupa chini yake na kuuchomeka umeme. Kijana yeyote wa Gusii aliyewahi kutengeneza gitaa la mkebe wa mafuta na waya za breki za baiskeli ataitazama sehemu hiyo bila mshangao wowote.

Sasa lije la nyumbani, na hapa lazima lawama itolewe. Video za benga ya Kisii zimejaa sokoni na kwenye simu, na nyingi zinafanana: wachezaji wamevaa sare, viuno vinazunguka, mwimbaji anatembea kati ya mistari ya chai, gari la kuazima limeegeshwa nyuma. Solo inapofyatuka, pale ambapo mpenzi wa gitaa anakaza macho, kamera inakwenda kwa wachezaji. Mpiga solo akionekana, anaonekana kwa mbali, na mara nyingine ameshika gitaa la umeme lisilo na waya wowote, katikati ya shamba. Sauti ilirekodiwa studio siku nyingine. Picha ni mapambo. Mtu anaweza kumiliki video zote za bendi anayoipenda na asijue hata kama mpiga solo wake anatumia kipigio au vidole.

Kwa anayetaka kujifunza, ziko hila chache za kuijua DVD kabla ya kuilipia. Diski hupangwa kwa kanda za dunia: Marekani na Kanada ni kanda ya 1, Ulaya Magharibi ya 2, na Kenya iko kanda ya 5. Diski iliyoletwa na shangazi kutoka Marekani huweza kukataliwa na mashine iliyonunuliwa Kisii, isipokuwa mashine hiyo inasoma kanda zote, na nyingi za bei nafuu husoma. Rimoti za mashine nyingi zina kitufe cha A-B, ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Ukibonyeza mwanzo wa kipande na ukabonyeza tena mwisho wake, mashine itakirudia kipande hicho bila kuchoka mpaka wewe uchoke. Mwendo wa polepole wa mashine ya DVD kwa kawaida huikata sauti. Lakini kwenye kompyuta, programu ya bure ya VLC hupunguza kasi na kuiacha sauti katika kimo chake kilekile. Kwa kujifunza solo ya benga, hilo peke yake ni mwalimu wa nusu mshahara.

Chagua diski inayoonyesha mikono yote miwili. Wapiga picha hupenda mkono wa kushoto kwa sababu unatembea shingoni. Omutibo na mtindo wa Katanga viko mkono wa kulia.

Ni kweli kwamba DVD yenyewe inaondoka. Ilipoingia sokoni Japani mwaka 1996, diski moja ya kawaida ya gigabaiti 4.7 ilionekana ni muujiza. Leo kumbukumbu ndogo kuliko ukucha inabeba mara nyingi zaidi, kompyuta nyingi mpya hazina tundu la diski, na vibanda vilivyouza nakala za filamu kwa shilingi 50 vimegeuka kuwa vya kujaza nyimbo kwenye flashi. YouTube ina masomo mengi kuliko mtu anavyoweza kutazama. Hata hivyo intaneti inataka bando kila siku, na video iliyopo leo huweza kufutwa kesho. Diski iliyolipiwa mara moja haina deni.

Chombo kitabadilika, lakini hitaji ni lilelile. Wapiga solo, rizimu na besi waliojenga benga ya Kisii ni wazee sasa, na wengine wamekwisha tangulia. Kumrekodi mmoja wao hakuhitaji fedha za wafadhili: simu nzuri juu ya kiegemeo, mwanga wa mchana, gitaa lililotiwa sauti sawasawa, na mzee aombwe aupige wimbo mara mbili, mara ya pili polepole, kamera ikiwa imetulia kwenye mkono wa kulia. Watayarishaji wa Kisii na Nyamira waanze na hilo kabla ya kukodi wachezaji wengine, na idara za utamaduni za kaunti hizo mbili zihifadhi nakala mahali ambapo mwanafunzi wa Kebirigo ataweza kuziomba.