Mji Mkuu Unaopitwa Njiani

Kila asubuhi magari ya watalii yenye paa la kufunguka huteremka barabara ya Namanga yakielekea Amboseli. Yakifika Kajiado hupunguza mwendo kwa sababu moja tu: matuta. Abiria wake wameahidiwa tembo na theluji ya Kilimanjaro, na hakuna aliyewadokezea kwamba mji huo wa mabati na vumbi unaopita dirishani ndio makao makuu ya kaunti yenye kilomita za mraba karibu 22,000, pungufu kidogo tu ya nchi nzima ya Djibouti.

Kwa msafiri anayejipangia safari mwenyewe, asiye na dereva wala kampuni ya kumshika mkono, kupuuzwa huko kuna faida yake. Mji usiozoea watalii haujajifunza kuwauzia vitu kwa bei ya watalii. Nauli ya matatu ni ile ile anayolipa mwalimu anayerudi kazini, na chai ya maziwa ni ile ile anayokunywa karani wa mahakama. Taabu ni kwamba hakuna kibao kinachomwambia mgeni aanzie wapi. Aanzie Kitengela.

Kitengela iko kama kilomita 30 kutoka katikati ya Nairobi, mara tu barabara ya Namanga inapoachana na ile ya Mombasa pale Athi River. Sensa ya 2019 iliukuta mji huo na watu zaidi ya 150,000. Katika kaunti nzima ni Ongata Rongai tu iliyouzidi. Kajiado, mji mkuu, haikufikia hata robo ya hesabu hiyo. Si jambo la ajabu duniani. Kazakhstan iliyahamisha makao makuu yake kutoka Almaty mwaka 1997 na kuyapeleka kwenye nyika ya kaskazini, mji unaoitwa Astana, na mpaka leo Almaty ndiyo yenye watu wengi zaidi. Ila Astana ilijengewa minara na majumba ya vioo. Kajiado ilikuwa makao ya wilaya tangu enzi za mkoloni, na ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 ilibaki pale pale, ikaongezewa ofisi ya gavana.

Anayeshuka Kitengela kwa mara ya kwanza hukutana na kelele kabla ya kitu kingine chochote. Makanga wanaita abiria wa Nairobi na wa Isinya kwa pumzi moja, bodaboda wanapenya katikati ya magari, malori ya maji yanapiga foleni kwa sababu maji ya mfereji hayatoshi, na kila ukuta wa pili una tangazo la ploti. Ploti ndizo zilizoujenga mji huu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Muda mfupi baadaye sheria ya mwaka 1990 ilizaa eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje hapo jirani, Athi River, na wafanyakazi wake wakahitaji vyumba vya kupanga. Mwenye ng'ombe wengi na fedha kidogo aliuza ekari chache alipie karo; jirani yake akauza pia; mnunuzi akaweka seng'enge.

Seng'enge hizo ndizo za kutazamwa. Mpango mzuri wa nusu siku ni kupanda bodaboda hadi kingo za mji upande wa kaskazini, ambako nyumba zinaanza kuachana na nyasi kuonekana. Ng'ambo ya hapo ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, yenye kilomita za mraba 117 na ukuta wa nyaya pande tatu tu. Upande wa kusini uliachwa wazi makusudi, wanyama watoke wakati wa mvua na kusambaa kwenye tambarare za Athi na Kaputiei. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa tambarare hizo walihesabiwa kuwa zaidi ya 25,000. Kufikia mwaka 2014 walikuwa chini ya 3,000. Hakuna ugonjwa uliowafyeka. Njia zao zilizibwa, ua kwa ua.

Yapo majaribio ya kuziacha wazi. Kuanzia mwaka 2000 baadhi ya wenye ardhi walianza kulipwa kama shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, kwa masharti ya kutojenga ua, kutochimba mawe na kutouza. Fedha hizo zilisaidia karo, lakini hazikuweza kushindana na dalali wa ploti. Na simba hawasomi mikataba. Mwezi wa Juni mwaka 2012 waliingia kwenye boma moja la Kitengela na kuua mbuzi. Kulipokucha wenyeji waliwaua simba sita, wakiwemo watoto.

Tena hapo hapo, pembezoni mwa mbuga, kulikuwa na kijana aliyekwisha kupata njia nyingine. Richard Turere alikuwa na miaka tisa alipopewa kazi ya kulinda ng'ombe wa babake usiku. Alijaribu moto, simba wakapata mwanga wa kuonea zizi vizuri zaidi. Alijaribu sanamu ya mtu. Usiku wa kwanza waliiogopa, wa pili wakaizoea. Kisha akagundua kwamba mtu akitembea na tochi simba hawasogei, kwa kuwa mwanga unahama. Akachukua betri ya gari, kifaa cha kuwashia indiketa za pikipiki na balbu kutoka kwenye tochi zilizoharibika, akazunguka zizi lote na taa zinazowaka na kuzima zenyewe. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED huko California kuieleza kazi hiyo, na taa za namna yake sasa zinatumika kwenye maboma mengi. Msafiri akipita jioni na kuona zizi linapepesa taa gizani, asidhani ni harusi.

Mwenye nafasi zaidi anaweza kufika Kitengela Glass, karakana ya vioo aliyoianzisha msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, kwenye ukingo wa korongo la Mbagathi. Chupa na vioo vilivyovunjika huyeyushwa hapo na kupulizwa upya kuwa glasi, taa na sanamu. Barabara ya kufikia ni mbovu. Mvua ikinyesha udongo mweusi wa sehemu hizi hushika tairi mpaka bodaboda ageuke mbeba pikipiki, na mwenye busara huahirisha.

Matatu ya kwenda Kajiado huondoka ikijaa, ambayo ni ratiba pia. Kiti cha dirishani kina thamani yake, maana saa moja ijayo ndiyo kiini cha safari. Maduka ya simiti na mahoteli ya nyama yanapungua; yanafuata mashamba ya maua yaliyofunikwa nailoni; halafu Isinya, kituo cha njia panda ambako barabara ya kwenda Kiserian inachepuka. Baada ya Isinya anga inafunguka. Punda wanabeba mitungi ya maji wakiongozwa na kina mama, ng'ombe wanasubiri kuvuka lami, na pundamilia mmoja mmoja huonekana wamechanganyika na kondoo bila kumshangaza yeyote ndani ya gari. Hapa mtu ameshatoka kwa Wamaasai wa Kaputiei, na akifika Kajiado atakuwa kwa Ildamat. Akiendelea kusini atawakuta Matapato. Mipaka hiyo haijaandikwa kwenye vibao, lakini mzee yeyote garini anaijua kuliko mipaka ya wadi.

Kajiado mjini panatembeleka kwa miguu. Kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, mahakama, uwanja wa Ildamat, na shule ya bweni ya wasichana ya kanisa la AIC, iliyoanzishwa mwaka 1959, ambayo chini ya mwalimu mkuu Priscilla Nangurai ilipata sifa ya kuwapokea wasichana waliokimbia kukeketwa na kuozwa mapema. Kuna pia reli, na hii wageni wengi hawaitarajii. Inatoka Konza kwenye njia kuu ya Mombasa, inakatiza Kajiado, kisha inashuka Bonde la Ufa hadi Ziwa Magadi. Imekuwapo kwa zaidi ya miaka 100, na ilijengwa kwa ajili ya shehena moja: magadi ya ziwa hilo, malighafi ya kutengenezea kioo na sabuni. Kiwanda chake sasa ni cha kampuni ya Tata ya India. Treni ya mizigo ikipita mji unasimama kidogo, mbuzi wanaondolewa relini, kisha mambo yanaendelea.

Siku ya kwenda ni siku ya soko la mifugo, na ni heri kuuliza tarehe kwa makanga au mwenye bucha kabla ya kupanga chochote. Soko huanza mapema na kufikia saa saba mchana limekwisha. Mgeni asimame ukutani atazame mikono. Mnunuzi hataji bei mara moja. Kwanza anamshika mbuzi mgongoni, juu kidogo ya mkia, akibonyeza kwa vidole kujua kama kuna nyama au ni manyoya tu. Anamfungua mdomo ahesabu meno. Anamwinua kidogo kwa tumbo kupima uzito. Ndipo anataja bei, kwa sauti ya chini, na muuzaji anatazama upande mwingine kana kwamba hakusikia. Madalali huingia katikati, mmoja anamtetea huyu na mwingine yule, ingawa wote wawili watakula kamisheni. Wakikubaliana, mbuzi anapakwa alama ya rangi mgongoni na fedha zinahama kwa simu. Jioni malori huwapeleka mbuzi Kiamaiko na ng'ombe Dagoretti, vichinjioni Nairobi. Kondoo weupe wenye kichwa cheusi wanaoonekana kwa wingi ni Dorper, uzao wa Afrika Kusini; wale wekundu wenye mkia mnene ni wa Kimaasai, wadogo zaidi lakini wagumu kwa minyoo, na wazee bado wanawapenda.

Kula ni hapo hapo. Mteja anaingia bucha, anaonyesha kipande kilichoning'inia, mbavu au mguu, kinapimwa, analipa, kisha anakaa. Nyama itachukua muda, na hakuna njia ya kuharakisha mkaa. Italetwa kwenye ubao, ikatwe mbele yake, na chumvi imwagwe pembeni. Ugali na kachumbari ni vya kuagiza. Anayebahatika kualikwa nyumbani huenda akapewa maziwa ya kibuyu, yaliyogandia ndani ya chombo kilichosafishwa kwa kijinga cha oloirien, mzeituni mwitu, yenye ladha ya moshi na ukali kidogo. Msafiri aliyewahi kunywa kumis ya maziwa ya farasi huko Bishkek atatambua mara moja kwamba yuko miongoni mwa wafugaji.

Adabu haina ugumu. Salamu ni "sopa" na jibu ni "ipa". Mtoto wa Kimaasai akikukaribia na kuinamisha kichwa, hakutafuti kitu. Anangoja umguse utosini, ndiyo shikamoo yake. Picha huombwa kabla ya kupigwa, hasa sokoni, ambako mtu anauza mali yake wala hayuko maonyeshoni. Mgeni mwenye kamera kubwa shingoni atafikiriwa kuwa wa shirika, na ataulizwa habari za mradi.

Ukweli usemwe: anayetafuta makumbusho na majengo ya kale atachoka Kajiado kabla ya saa sita. Kwa hayo aende Olorgesailie, kando ya barabara ya Magadi katika kaunti hii hii, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua shoka za mawe kwa maelfu katika miaka ya 1940. Lakini hakuna matatu ya moja kwa moja kutoka Kajiado hadi huko. Itamlazimu kuzunguka kupitia Kiserian, na safari hiyo inataka siku yake.

Anayependa kusonga mbele huketi tena kando ya lami akingoja gari la kusini. Bissil inakuja kwanza, yenye soko la mifugo kubwa zaidi, kisha mlima Oldoinyo Orok unaanza kujaza kioo cha mbele, na chini yake Namanga, kama kilomita 160 kutoka Nairobi. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mwezi wa Desemba mwaka 2018, msafiri anamaliza shughuli za Kenya na za Tanzania ndani ya jengo moja. Awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa huulizwa. Nje ya lango kina mama wa shanga humzunguka kabla hajaweka pasipoti mfukoni. Hao ndio pekee katika safari nzima waliokwisha kujifunza bei ya watalii, na bei ya kwanza wanayotaja kwa kawaida hushuka hadi nusu mtu akiwa na muda wa kukaa chini na kuongea.