Mtoto Anaelewa, Ulimi Ndio Haumtii

Kutamka "nataka maji" ni kazi ya misuli mingi. Kifua huvuta pumzi na kuiachia kwa kipimo, nyuzi za sauti hukutana kooni, kaakaa laini hufungua na kuziba njia ya pua, kisha ulimi na midomo huigawa sauti hiyo kuwa silabi. Kwa mwenye mtindio wa ubongo, amri za ubongo hufika zikiwa zimevurugika. Misuli ya mmoja hukakamaa, ya mwingine hujipindapinda bila hiari. Pumzi humwishia kabla hajafika kwenye "maji".

Chanzo ni jeraha la ubongo ambao bado unakua: mtoto kuzaliwa njiti, kukosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, manjano makali yasiyotibiwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo. Jeraha lenyewe halizidi, wala si laana ya mtu. Takriban mtoto 1 kati ya 4 wenye hali hii hatazungumza. Wapo ambao akili pia imeathirika na wapo wasio na tatizo hilo. Huwezi kuwatofautisha kwa kusikiliza matamshi tu.

Tiba ya usemi ina ushahidi wake. Mwaka 2010, Lindsay Pennington na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walichapisha utafiti juu ya vijana 16 wenye mtindio wa ubongo. Walifundishwa kutawala pumzi na sauti, na kusema polepole kwa vipande vifupi, mara 3 kwa wiki kwa wiki 6. Baadaye hata watu wasiowajua waliyaelewa maneno yao mengi zaidi. Kupuliza mapovu na kunyoosha ulimi kioo mkononi, mazoezi ambayo wengi hudhani ndiyo tiba yenyewe, ushahidi wake ni hafifu.

Lakini mara 3 kwa wiki, kutoka Isinya, Kaunti ya Kajiado nchini Kenya! Ni kama kilomita 60 hadi katikati ya Nairobi, waliko wataalamu wengi. Mama ambebe mtoto wa miaka minane aliyekakamaa, ampandishe matatu, wapite msongamano wa Kitengela na Mlolongo, na jioni warudi. Wataalamu wenyewe ni wachache: shahada ya kwanza ya fani hii Afrika Mashariki ilianza Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, mwaka 2008 tu.

Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walijaribu njia nyingine. Karen Bunning, Joseph Gona na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwafuata walezi nyumbani na kuwafundisha kuwasiliana na watoto kwa ishara, picha na vitu vilivyopo. Hilo linawezekana Isinya pia. Chukua kipande cha katoni, ubandike picha za chai, choo, ng'ombe, redio, "naumwa" na "sitaki". Hiyo ya "sitaki" isikosekane. Bila hiyo, ubao ni wa mama, si wa mtoto. Asiyeweza kunyoosha kidole huchagua kwa macho: shika kikombe mkono huu, mpira mkono ule, kisha subiri. Subiri kweli, maana jibu lake huchukua muda kutoka, na wengi wetu tunamjibia. Na picha hazimzuii mtoto kujifunza kusema, kinyume cha hofu ya wazazi wengi.

Mtaalamu wa tiba ya usemi hushughulikia pia kumeza, na hapa pana hatari ya kifo. Mtoto anayenyweshwa uji akiwa amelala chali hupaliwa, uji huingia mapafuni, kisha nimonia. Mketishe wima, kichwa kiinamie mbele kidogo, umpe kijiko kidogo, ameze ndipo uongeze.

Kaunti ya Kajiado ianze na wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari hupita boma kwa boma. Wafundishwe ubao wa picha na ulishaji salama, na mtaalamu awatembelee kwa ratiba inayojulikana. Nawe mzazi, usingoje mtoto aseme ndipo uanze kuongea naye. Akipaliwa kila mlo, mpeleke hospitali wiki hii.