Ugonjwa wa miaka 40 unaanza tumboni mwa mama

Leo tuongee juu ya ugonjwa wa Huntington. Mtu anakuwa mzima mpaka miaka 30, 40 ao 50. Kisha mikono inaanza kurukaruka yenyewe, anakasirika ovyo, anasahau, na mwisho akili inapotea. Kwetu, watu wakiona vile wanasema haraka: amerogwa. Na kama baba yake alikufa vilevile, njo wanasema ni laana ya jamaa. Mimi nilisoma biolojia, na ninapenda tuone jambo lenyewe.

Daktari wa Marekani, George Huntington, alieleza ugonjwa huu mwaka 1872. Jeni yake ilipatikana mwaka 1993, kwenye kromozomu ya 4. Ndani ya jeni hiyo, herufi tatu za ADN, CAG, zinajirudia. Kwa kawaida zinajirudia chini ya mara 27. Zikifika 40 ao zaidi, ugonjwa utakuja, kama mtu anaishi miaka ya kutosha. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto yuko na nafasi 1 juu ya 2 ya kuirithi, awe kijana ao binti.

Sasa, juu ya nini jeni inangoja miaka 40? Kumbe haingoji. Mwaka 2020, watafiti wa Ufaransa walitangaza kile walikuta katika ubongo wa vijusi vya wiki 13 vyenye jeni hiyo: seli mama zilikuwa zinaacha kugawanyika mapema na kugeuka neuroni kabla ya wakati.

Ili tuelewe, tukumbuke kwamba karibu seli zote za mwili ziko na ADN ileile. Seli ya ini na ya ubongo zinatofautiana juu ya jeni zenye zimewashwa na zenye zimezimwa. Kuna protini moja, REST, yenye kazi yake ni kuzima jeni za neuroni. Ndani ya neuroni, huntingtin nzuri inazuia REST isiingie katika kiini. Huntingtin mbaya inaiachilia. REST inaingia, inazima hata jeni ya BDNF, na BDNF ni kama chakula cha neuroni.

Panya walithibitisha jambo hili: wengine waliwekewa huntingtin mbaya wakati wa ukuaji wa mwanzo tu, kisha ikazimwa. Walipokuwa wakubwa, dalili zilitokea hata hivyo.

Kwa hiyo dalili za miaka 40 ni mwisho wa safari ndefu. Ubongo ulijengwa na kasoro, ukajisaidia miaka mingi, kisha ukachoka. Mpaka leo dawa ya kuponya haiko. Lakini sasa watafiti wanajiuliza kama matibabu yanapashwa kuanza mapema sana, mbele ya dalili.

Na sisi wasomi? Jirani akimshitaki mzee mwenye kutetemeka na kusahau, tusinyamaze. Tumpeleke mzee kwa daktari, na tueleze jamaa kwamba hakuna mtu alimuroga.