Ajira ya kwanza ya msimu: Maswali ya kuuliza kabla ya kufunga begi

Kila mwaka, mvua za masika zinapokatika na hoteli za ufukweni Unguja kufungua tena milango yake, vijana wengi huvuka bahari kwenda kutafuta kazi ya miezi michache. Kuanzia Juni hadi Oktoba wageni hujaa Nungwi, Kendwa, Kiwengwa, Paje na Jambiani, wengi wao kutoka Ulaya, ambako huo ndio wakati wa likizo za kiangazi. Hoteli huhitaji mikono ya ziada ya kutandika vitanda, kuosha vyombo, kufua mashuka na kuhudumia meza. Nao wanafunzi wa vyuo, ambao likizo yao ndefu huangukia katika miezi hiyo hiyo, huona hapo ndipo pa kupatia ada, kompyuta au angalau nauli ya kurudia chuoni.

Kwa kuwa hoteli nyingi ziko mbali na mji, kijana hupewa kazi pamoja na mahali pa kulala. Hizo ndizo kota za wafanyakazi: vyumba vya watu wanne, sita, pengine wanane, vyenye vitanda vya deka, choo cha pamoja na kantini. Kwa wengi hiyo huwa mara ya kwanza kuishi mahali pasipo mzazi, mlezi wala mwalimu wa zamu. Ndugu msomaji, ni juu ya kota hizo ninataka kuzungumza nawe leo, kuliko juu ya kazi yenyewe.

Yaliyonifika mimi

Mwaka 1996, nikiwa na umri wa miaka 20, nilipata kazi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, ambayo sina haja ya kuitaja. Aliyenipeleka aliniahidi mambo matatu: kazi, chakula na malazi. Sikuuliza la nne. Malazi yakawa chumba kilichokuwa nyuma ya jenereta, tukilala wanane. Mwisho wa mwezi wa kwanza niligundua kwamba chakula kinakatwa katika mshahara, sare inakatwa, na gharama ya sahani iliyovunjika wanagawana wote, aliyeivunja na asiyeivunja. Sikuwa na karatasi yoyote ya kunitetea. Baada ya miezi mitatu nilirudi Dar es Salaam kwa nauli niliyokopeshwa na muosha vyombo mwenzangu.

Hasara ya fedha niliisahau. Kilichonikaa moyoni hadi leo ni kingine. Wenzangu saba hawakuwa watu wabaya, ila hakuna aliyekuwa akiswali chumbani, nami niliona haya kuwa wa kwanza kutandika msala. Siku ya kwanza nilisema nitalipa usiku; siku ya pili nikasema nitalipa Ijumaa. Ilipofika Ijumaa nilikuwa zamu. Hakuna aliyenikataza. Niliacha mwenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu sikuwa nimeamua lolote kabla ya kufika. Nilijifunza kwa gharama kubwa kwamba usiloliamua nyumbani, kota itakuamulia.

Binti anapoomba ruhusa

Kwa hiyo binti yetu, aliyekuwa amemaliza mwaka wa pili wa chuo, alipotuambia kwamba amepata nafasi mbili za kazi ya msimu kaskazini mwa Unguja, mimi nilinyamaza na mama yake akasema. "Mwanangu, utalala kwa watu miezi miwili na nusu, nasi hata mlango wa chumba hatuujui?"

Binti hakubishana. "Basi tuulize, Mama," alijibu. "Kama mlango haujulikani, si tuuulizie?"

Usiku ule tulikaa watatu mkekani tukaandika maswali kwenye karatasi ya daftari. Kesho yake alipiga simu hoteli zote mbili na kuyasoma yote bila kuruka. Hoteli ya kwanza, iliyokuwa na mshahara mkubwa zaidi, ilimjibu: "Njoo tu, mengine tutayaongea hapa hapa." Ya pili ilimjibu swali kwa swali, na jioni ikamtumia nakala ya mkataba kwa WhatsApp. Aliichagua ya pili. Na kwa kuwa shangazi yake anaishi Mkwajuni, njiani kuelekea Nungwi, tulipatana kwamba kila siku yake ya mapumziko atakwenda kulala huko. Mama yake akaridhika, nami nikapumua.

Maswali tuliyoyaandika

La kwanza lilikuwa la mkataba. Upo kwa maandishi? Unaanza na kuisha lini? Mshahara unalipwa tarehe gani na kwa njia gani? Kinachokatwa ni nini: malazi, chakula, sare, vyombo vinavyovunjika? Bakshishi za wageni zinagawanywaje? Waislamu tusione haya kuuliza haya. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kuandikiana hakumaanishi kutuhumiana, bali humlinda mwajiri kama kunavyomlinda mwajiriwa.

La pili lilikuwa la chumba. Tutalala wangapi? Kota ya wanawake iko mbali na ya wanaume? Mlango unafungwa kwa ndani? Choo na bafu vina komeo? Ufunguo wa akiba anao nani, na msimamizi wa kota ni mwanamke au mwanamume? Mzazi asiyeuliza maswali haya kwa kuona aibu, ajue kwamba aibu hiyo analipishwa binti.

La tatu lilikuwa la kitengo. Usafi wa vyumba, dobi, jikoni, bustani, mapokezi, mgahawa na baa ni kazi tofauti kabisa, ingawa zote huitwa kazi ya hoteli. Kijana asiyetaka kubeba pombe aseme hivyo kabla ya kuajiriwa, naye aombe kitengo kiandikwe katika mkataba.

La nne lilikuwa la zamu. Zamu inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi? Ni ya mfululizo, au imekatwa katikati, asubuhi kwa kifungua kinywa na jioni tena kwa chakula cha usiku? Siku ya mapumziko ni ipi? Anayetoka usiku anafikaje kotani? Swala nayo iulizwe hapa hapa. Kwenye pwani zetu Magharibi huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, wakati ule ule mgeni anapoanza kuketi mezani. Anayefanya kazi ya mgahawa apatane mapema na msimamizi wake juu ya dakika zake kumi, kwa kubadilishana na mwenzake, kuliko kutoroka na kuonekana mvivu.

La tano lilikuwa la dharura. Nikiumwa nitapelekwa wapi, kwa gharama ya nani? Nikitaka kuondoka kabla ya muda, nitoe taarifa ya siku ngapi?

Ni vyema kijana ajue pia kwamba kazi si jambo la Muungano. Zanzibar inaongozwa na Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na mfuko wake wa hifadhi ya jamii ni ZSSF. Anayekwenda kwenye hoteli za mbugani, Serengeti au kandokando ya Ngorongoro, yuko chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Sheria hiyo ya Bara inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu, na mfanyakazi apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Na huko mbugani kuna jambo la ziada la kuuliza: nani anakusindikiza usiku kutoka jikoni hadi kotani, maana wanyama hupita hapo hapo.

Ndani ya begi

Mizigo isiwe mingi, kwani nafasi ya mtu kotani aghalabu ni kitanda na kabati nusu. Binti yetu alibeba kufuli mbili, moja ya begi na moja ya kabati. Mashuka mawili, chandarua, kandambili, kanga, msala mwepesi, ndoo ndogo, dawa zake na viatu vyeusi vyenye soli ya mpira, kwa sababu sakafu ya jikoni na ya dobi huteleza. Aliongeza ekstensheni ya umeme, maana soketi moja kwa watu sita ni chanzo cha ugomvi wa kila usiku. Kuna pia jambo ambalo watu wa Bara hulisahau: visima vingi vya ufukweni vina maji ya chumvi, sabuni haitoi povu na nywele hukauka. Mafuta ya nazi yakafanya kazi yake.

Vyeti alibeba nakala. Vile vya asili vilibaki kabatini kwa mama yake. Mwajiri akitaka kuviona vya asili, avione na kuvirudisha papo hapo.

Cha mwisho kilikuwa fedha ya mwezi mzima. Vijana wengi huondoka na nauli tu, wakidhani kazi italipa. Kazi hulipa mwisho wa mwezi. Katikati hapo kuna sabuni, vocha, nauli ya siku ya mapumziko na pedi. Msichana asiye na shilingi katika nyumba ya wageni atakopa, na si kila anayemkopesha hutaka kurudishiwa fedha.

Kuishi na watu

Chumbani alikuta wenzake watatu, wawili kati yao si Waislamu. Mmoja alikuwa akitoka kazini saa sita za usiku, naye binti yetu huamka Alfajiri. Wiki ya kwanza kengele ya simu yake ilimwamsha kila mtu, na maneno yakatoka. Aliomba radhi, akaiweka simu chini ya mto kwenye mtetemo, na kandambili zake akaziacha nje ili zisipige kelele. Mwezi wa pili, anatuambia, kuna asubuhi alipitiwa na usingizi, na yule yule mwenzake ndiye aliyemgusa bega: "Dada, leo huswali?"

Si yote yaliyokuwa mepesi. Komeo la bafu aliloahidiwa halikuwapo. Lilifungwa siku ya tatu, baada ya kumwonyesha msimamizi wa kota ujumbe wa simu uliosema lipo. Kisha, usiku mmoja wa Agosti, wafanyakazi wa mgahawa walipungua, akaambiwa aende baa kubeba vinywaji. Alieleza kwa adabu kwamba mkataba wake ni wa usafi wa vyumba. Msimamizi hakufurahi. Wiki iliyofuata alihamishiwa dobi, ambako hakuna mgeni wala bakshishi. Alitupigia simu akilia. Mama yake alitaka arudi siku ile ile. Mimi nilimuuliza kama mlango bado unafungwa na kama mshahara ni ule ule. Alisema ndiyo. "Basi amua wewe, mwanangu," nilimwambia. Alibaki, akafua mashuka hadi katikati ya Oktoba. Alirudi na fedha pungufu ya alizotarajia, lakini mshahara wake wote ulilipwa kama ulivyoandikwa.

Kwa wazazi

Nasi tuna sehemu yetu. Tupatane saa ya simu, tusimpigie kijana akiwa zamu na kisha kununa kwa kuwa hakupokea. Tunapozungumza, tuanze kwa kuuliza amelalaje na amekula nini, kabla ya kuuliza amepata nini. Na tuwazuie ndugu wasimzonge. Mshahara wa kwanza wa binti yetu ulikuwa haujaingia, na maombi ya harusi mbili, ada ya binamu na paa la mjomba yalikwisha kufika. Tulikaa naye tukagawa: sehemu ya chuo, sehemu ya akiba, na sehemu ndogo ya kuwapa wakubwa kwa hiari yake. Yaliyozidi hapo tuliyajibu sisi.

Tena tusimfanye aogope kurudi. Kijana anayejua kwamba akishindwa atachekwa nyumbani, huvumilia hata yasiyofaa kuvumiliwa. Mwambie kabla hajapanda boti kwamba nauli ya kurudi ipo, imewekwa kando, na hataulizwa neno siku atakayoihitaji. Sisi tuliiweka kwa shangazi yake Mkwajuni. Haikutumika, lakini binti anasema alilala vizuri kwa kujua iko pale.

Mdogo wake wa kiume anamaliza kidato cha sita mwakani, na ameanza kuzungumza juu ya kazi za mbugani. Ile karatasi ya daftari amekwisha kuichukua na kuongeza swali la sita kwa mkono wake: mtandao wa simu unafika? Tumemwambia aongeze mengine kadiri atakavyoweza, kwani bado yuko nyumbani na kuuliza hakumgharimu kitu.

Allah awahifadhi vijana wetu walio mbali na nyumbani, awape riziki ya halali na awarejeshe salama. Amin.